Bega la Nne

Jumanne ya tarehe 14 Machi 2023, saa mbili asubuhi, Emiliana aliliacha jembe kwenye matuta ya maharage, akakaa chini, akamwambia mumewe tumbo linamchoma upande mmoja. Saa saba mchana alikuwa maiti. Saa tano nzima zilipita hapo katikati, na Damiano alizitumia zote kwa kazi moja: kungoja gari.

Alikuwa amepiga simu kituo cha afya, na mkuu wa kituo akapokea mwenyewe. Yakobo, ndilo jina lake, mtu wa kalamu mbili mfukoni. "Gari inakuja," alisema. Saa nne Damiano akapiga tena: gari inakuja. Saa sita akaambiwa gari haina mafuta, wanatafuta mafuta. Nesi aliyeuona mwili baadaye alisema damu ilikuwa imemwagikia ndani ya tumbo, na kama wangemuwahi mapema angepasuliwa akapona.

Tangu siku hiyo Damiano akawa mtu wa hadithi moja. Ukimkuta sokoni Gashoho na mihogo yake, utaisikia. Ukikaa naye kwenye pombe ya ndizi, utaisikia kabla hujaonja. Wakubwa wameniulia mke. Mkuu wa kituo, na aliyemweka mkuu wa kituo, na aliyemweka huyo aliyemweka, wote aliwapanga mstari akawalaani mmoja mmoja. Magari ya kwenda kwenye mikutano, alisema, hayajawahi kukosa mafuta hata siku moja. Mafuta huisha mgonjwa akitajwa.

Hakuna aliyembishia. Tena hakuna aliyemwitikia. Watu wa kilima, maana kijiji cha huko ni kilima, walikunywa, wakatazama mtungi.

Sasa huko kwao mtu akifa, msiba hauishi kaburini. Unaisha siku ya kuganduka, siku ya kuondoa msiba, nayo kwa kawaida ni baada ya mwaka. Kilima kizima kinakuja, pombe inatengwa, na mwenye msiba anasimama mbele ya watu anaeleza marehemu alikufaje na aliacha nini. Hapo ndipo nyumba inafunguliwa. Kabla ya siku hiyo haichezwi ngoma humo ndani, wala binti haolewi kutoka humo. Na Damiano alikataa kuganduka. Mwaka ukaisha, ikaongezeka miezi mitano, naye bado amekataa.

Aliyeumia ni binti yake, Adventina. Alikuwa amechumbiwa na Kastori, mfyatua matofali wa kilima hicho hicho, kijana mpole mwenye mabega mapana.

"Baba, Kastori ameuliza tena," alisema asubuhi moja ya Agosti, akimmiminia uji.

"Mkuu wa kituo aje hapa, asimame, aseme alichofanya. Siku hiyo hiyo naganduka."

"Na asipokuja?"

"Atakuja."

"Wazazi wake Kastori wamechoka, baba. Wanasema kuna mabinti wengine Gashoho." Adventina aliweka kata chini. "Mama alikufa mara moja. Wewe unamfisha kila asubuhi, halafu unatuita tuje tuone."

Damiano aliuacha uji. Alizunguka nyumba mara tatu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alipopita kwa jirani akaambiwa Yakobo hayupo tena kituoni, amehamia Gitega. Hakuuliza zaidi. Gitega ndiko ziliko wizara! Kumbe ndivyo wanavyofanya: mtu akiharibu huku, anapandishwa kule. Kesho yake akafunga mfuko: shati la pili, karatasi ya kifo ya Emiliana, na barua aliyoandikiwa na katekista, maana yeye mwenyewe shule ya kambi ya wakimbizi alifika darasa la tatu tu.

"Nikirudi," alimwambia binti yake, "nitakuwa na maneno ya kusema siku ya kuganduka. Maneno yake, kwa mdomo wake."

Mafuta hayakuwepo nchini, kwa hiyo safari ya siku moja aliila kwa siku tatu. Alidandia lori la mkaa mpaka Muyinga mjini, akapanda baiskeli mbili, akatembea sehemu kubwa ya Karuzi, akaingia Gitega viatu vimefunguka mdomo.

Alifikia kwa Uthmani, fundi cherehani wa mtaa wa Waswahili. Walijuana zamani sokoni Kasulu, Damiano angali mkimbizi na Uthmani akienda kule kununua vitambaa. Uthmani na mkewe Pili walimpa mkeka na sahani bila maswali, na siku nne mfululizo alitoka asubuhi kwenda kukaa kwenye mabenchi ya ofisi. Benchi la kwanza walimwambia aandike barua. Akaonyesha barua. Wakamwambia barua hiyo ipitie wilaya kwanza, au mkoa, au mahali pengine ambapo hakupasikia vizuri. Benchi la pili mkubwa alikuwa mkutanoni. La tatu lilikuwa na mlinzi tu, na mlinzi alikuwa na usingizi. Jina la Yakobo hakuna aliyelijua.

Jioni alikaa mlangoni kwa Uthmani, goti likicheza juu chini, juu chini.

"We Damiano," alisema Uthmani bila kuinua macho kwenye pindo la suruali, "mguu yako inashona kuliko mashini yangu. Kama ningekupa uzi tungekuwa tumemaliza nguo za Idi."

"Wanamficha."

"Nani anamuficha? Mutu ya kalamu mbili? Alors, kwani ye ni dhahabu?"

Pili alitoka ndani akijifuta mikono. "Mi nimeuliza nesi moja anashonesha hapa kwetu," alisema. "Huyo mutu haiko kwa wizara, shemeji. Hajafika huko hata kufagia. Walimutoa kwa kazi. Iko Giheta, kwa shamba ya mama yake."

"Uongo huo. Wanasema hivyo ili nirudi nyumbani."

"Basi rudi," alisema Pili. "Ao enda Giheta uone. Lakini hii mambo ya kuchungulia benchi za watu kila siku, tena na viatu zinacheka, itakumaliza."

Hakupata usingizi mzuri. Kulipopambazuka alikuwa barabarani tayari, akielekea magharibi. Lami ilikuwa tupu, baiskeli tu, na kina mama wenye vikapu. Alitembea upesi, akiyapanga maneno. Nitamwambia: wewe ndiwe Yakobo? Yeye atasema ndiye. Nitamwambia: mimi ni mgane, nimefiwa na mke, na wewe ndiwe uliyenifanya hivyo. Halafu atashusha macho. Kila hatua mia aliyaanza upya maneno hayo, na kila mara Yakobo wa kichwani alikuwa mnene zaidi, na kalamu zake zinang'aa zaidi.

Giheta aliuliza njia, akaelekezwa kilima fulani upande wa kulia, akaacha lami akaanza kupanda njia ya udongo mwekundu. Hakuwa amefika nusu ya mlima alipokutana na machela inashuka.

Yafaa kueleza hapa, kwa asiyejua. Machela ya vilima ni kitanda cha matete kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu, na inataka mabega manne, mawili mbele, mawili nyuma. Ndiyo inayopeleka wagonjwa hospitali. Na mtu akifa huko, ndiyo inayomrudisha. Ukikutana nayo njiani, mila ni moja tu. Huulizi nani kalala humo. Unaweka chini ulichobeba, unakwenda kwa yule aliyechoka kuliko wenzake, unaingiza bega lako mahali pa lake, na huutoi mpaka aje mwingine wa kukupokea.

Damiano aliijua mila hiyo vizuri sana. Miaka kumi na moja tangu arudi kutoka Tanzania hakuwahi kuifuata hata mara moja. Akiiona machela kwa mbali alikata kona shambani kwa mtu, au alitoa simu akaongea na simu iliyozimwa. Alikulia kambini Kigoma, na kambini mgonjwa alichukuliwa na gari jeupe. Kubebana mabegani aliona ni mambo ya watu wasiojua dunia. Nao watu wa kilima walimwita Mtanzania, nusu utani na nusu dharau, naye aliwaacha wamwite.

Lakini machela hii ya Giheta ilikuwa na wanaume watatu, na bega la nne lilikuwa la mwanamke. Mwembamba, amefunga kitenge kiunoni, jasho limemwingia machoni naye hana mkono wa kulifuta. Vijana wa huko wengi wamekwenda Tanzania kulima vibarua. Waliobaki ndio hao.

"Ewe mzee!" alipaza sauti mwanamume wa mbele. "Unatuhesabu? Weka mfuko wako hapo kichakani, umpokee mama huyu!"

Damiano alitazama kulia na kushoto. Palikuwa na korongo huku na ukuta wa udongo huku, hapakuwa na shamba la kukatia kona. Tena macho ya yule mwanamke. Akauweka mfuko, akaingia chini ya mti.

Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Uliuma mfupa wa bega papo hapo.

"Mgeni, taratibu!" alisema yule wa mbele, ambaye wenzake walimwita Kasiano. "Mgonjwa si mkungu wa ndizi unaowahi soko. Sikiliza miguu yetu."

"Nasikiliza."

"Husikilizi, unakimbia. Mguu wa kulia sasa. Kulia. Haya. Hivyo hivyo. Huko kwenu mnatembea kila mtu na miguu yake?"

Wenzake walicheka kwa pumzi chache walizokuwa nazo. Damiano aliudhika, akataka kumjibu, lakini mtu aliye chini ya machela hawezi kuudhika na kutembea sawasawa kwa wakati mmoja. Akafupisha hatua. Baada ya muda, bila kujua lini, goti lake lililokuwa halitulii tangu Muyinga lilishika mwendo wa magoti mengine. Maneno aliyokuwa akiyapanga yalipotea, akawa anasikia kulia, kushoto, na matete yakilia taratibu.

Walikuwa karibu na lami yule mwanamke aliposogeza uso kwenye machela, akasema na aliyelala chini ya kitenge: "Yakobo, vumilia. Tunaiona barabara."

Damiano alikosa hatua. Machela ikayumba.

"We mgeni!"

"Yakobo gani huyu?"

"Yakobo mume wa Kasilda, huyu mama unayemwona," alisema Kasiano. "Alikuwa mkubwa wa afya huko Muyinga, Gashoho. Aliandika barua za kuomba mafuta ya gari mpaka waliokuwa juu yake wakamchoka. Sasa figo zimemchoka pia. Tembea!"

"Wekeni chini."

"Tumebakiza—"

"Nimesema wekeni chini!"

Wakaiweka pembeni mwa njia, wakidhani bega limemshinda. Damiano alisogea hatua tano, akarudi tatu, akasogea tena. Mfuko wenye barua ulikuwa kichakani huko juu. Alikuwa huru kuondoka. Alitazama njia ya kupanda, akatazama lami. Hapakuwa na mtu wa kumpokea, upande wowote.

Kasilda alikuwa amefunua kitenge ili mumewe apate hewa. Damiano alikuja kutazama. Mtu aliyemtukana mwaka mzima na nusu hakuwemo humo. Alikuwemo mwingine, uso umevimba kama unga uliochachuka, miguu imejaa inang'aa, shati halina mfuko.

"Asante, baba," alisema Yakobo. Hakumtambua, walikuwa wamejuana kwa sauti ya simu tu na kwa kuonana mbali. "Umetoka wapi na shida zetu?"

"Gashoho."

Yakobo aliinua kichwa kidogo. "Upande upi?"

"Kilima kilicho juu ya kituo cha afya."

"Ah." Alifumba macho, akayafumbua. Alisema polepole, akipumzika kila baada ya maneno mawili matatu. "Kuna mama alikufa hapo. Mume wake alipiga simu. Nikamwambia gari inakuja. Haikuwa inakuja, baba. Tangi lilikuwa kavu tangu Jumamosi. Nilisema inakuja kwa sababu niliona aibu kusema haiji, mimi mkuu mzima. Nikawa nayatafuta mafuta kwa miguu, kumbe ningemwambia ukweli kwenye simu ile ya kwanza. Nilimkosea."

Basi. Maneno yenyewe yalikuwa hayo, yametoka bila kuvutwa, na Damiano aliyasikia kwa masikio yake mawili. Alingoja kifua kishuke. Hakikushuka.

"Lakini jambo moja linanisumbua," aliendelea Yakobo. "Kilima kile kina machela nzuri, na kina wanaume. Kila nikirudi nilisimama mlangoni nikitazama njia, nikijua watamleta tu. Sikuona mtu. Kwa nini hawakumbeba?"

Kasiano na wenzake waliangalia miguu yao, maana swali halikuwa lao. Damiano alihisi jua kisogoni.

Walikuja. Saa tatu asubuhi walikuja, wanaume sita wa kilima, machela mabegani, Kastori akiwa mbele. Wala hawakuitwa; waliona tu Emiliana anaingizwa ndani kwa kushikwa. Naye Damiano alisimama mlangoni akawazuia. Mke wangu halali kwenye kitanda cha maiti, alisema. Rudisheni hicho kitu chenu, gari inakuja. Kastori alisema, baba, tumbebe tukingoja gari, tukikutana nayo njiani si tutampakia? Akamfukuza. Walikaa chini ya migomba mpaka saa tano, machela imelala mbele yao, kisha wakaondoka. Na si kitanda cha maiti kilichomzuia, hilo alilijua hata siku hiyo. Wale watu sita, hapakuwa na hata mmoja ambaye Damiano alimbebea mama yake, au mtoto wake. Aliona akiwaacha wambebe Emiliana, atakuwa mmoja wao.

Emiliana kutoka ndani aliita mara mbili: Damiano, waache.

Adventina alikuwepo. Kastori alikuwepo. Kilima kizima kilijua, na ndiyo maana walitazama mtungi.

"Mume wake alikataa," alisema Damiano.

"Alikataa? Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Kasilda alisimama kati yao upesi, mikono imetanda, kama anayekinga moto na upepo. Yakobo alimtazama Damiano kwa macho yaliyobanwa na uvimbe. Damiano naye alitaka kusema kitu kuhusu wakubwa, kwa sababu tangi kavu halikuwa kosa lake, na halitakuwa kosa lake hata akizeeka. Waliolikausha wapo, wanakula. Hilo lilibaki vile vile. Ila sasa halikutosha kuifunika ile sauti ya Emiliana.

"Haya, mambo yenu ni makubwa," alisema Kasiano, "lakini mgonjwa anakauka juani. Mzee, unabeba au hubebi? Sema, tujue."

Damiano aliinama, akaingiza bega. Bega lile lile, pale palipochubuka.

Kwenye lami watu walianza kuwapokea. Muuza mkaa aliegesha baiskeli akampokea Kasiano. Fundi mmoja mwenye ndoo ya chokaa akampokea wa pili. Mtu akaja kwa Damiano, akamgusa mkono: "Nipe, mzee, umelowa." "Bado," alisema. Wa pili akaja: "Bado." Walipoiona Gitega alikuwa hasikii bega, wala hajui lake linaishia wapi na la jirani yake linaanzia wapi.

Hospitalini Yakobo alilazwa kitanda cha karibu na dirisha, wakamtia sindano ya maji. Damiano alitoka ukumbini, akapiga simu nyumbani.

"Waambie watu wa kilima," alisema, "Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunaganduka."

Adventina aliuliza: "Umempata?"

"Nimempata."

"Amesema?"

"Amesema lake. La kwangu bado sijasema."

"Baba..."

"Nitalisema mimi mwenyewe, mbele yao. Kastori asimame karibu, maana analijua. Na kama wazazi wake wakishalisikia kwa mdomo wangu watamtaka binti wa nyumba nyingine, sitawalaumu." Alisikia binti yake anavuta pumzi kwa pua, kama mama yake. "Usilie kwenye simu, salio litaisha."

Aliporudi, Kasilda alikuwa amesimama na karani wa wodi, mwanamke wa makamo mwenye daftari. Ilibidi arudi Giheta kuchukua sufuria, blanketi na unga, hospitali hailishi mtu; na mgonjwa hawezi kubaki bila wa kumwangalia. Kasiano na wenzake walikwisha kuinua machela tupu kurudi nayo, kilima hakiwezi kulala bila machela.

"Nani anabaki?" aliuliza karani.

Kasilda hakumtazama Damiano. Alitazama sakafu karibu na viatu vyake vilivyofunguka, muda mrefu kidogo, kisha akatoka bila kusema ndiyo wala hapana.

"Nabaki mimi," alisema Damiano.

"Jina?"

Akalitaja. Akataja kilima, wilaya, mkoa. Karani aliandika yote bila kuinua kichwa, akafika kwenye mstari wa mwisho, kalamu ikasimama. Kitandani Yakobo alikuwa amefumbua macho, amegeuza uso upande wao.

"Na hapa naandika nini?" aliuliza karani. "Mzee, huyu mgonjwa ni nani wako?"